Kula Nje Uingereza: Mengi Yapo, ila kwa Anayeuliza

Katika hoteli za chakula za Tanga nilikokulia, mteja hana kazi kubwa zaidi ya kuketi. Mhudumu humfuata kabla hajavuta kiti vizuri, humtajia kwa mdomo kilichopikwa siku hiyo, wali kwa samaki, wali maharage, ugali kwa nyama ya mchuzi, na humwambia bila kuulizwa kwamba samaki wamekwisha. Sinki la kunawia mikono liko pale pale karibu na mlango, na anayekula kwa mkono hatazamwi. Uingereza, ambako nimeishi sehemu kubwa ya utu uzima wangu, karibu mambo yote hayo yapo, isipokuwa hayamfuati mteja. Yeye ndiye anayeyafuata. Maji ya bure yapo kwa anayeyaomba, habari za kilichomo ndani ya chakula zipo kwa anayeziuliza, chakula kibovu hubadilishwa kwa anayesema, na hata bili haiji mpaka iitwe. Mgeni asiyelijua hilo huketi akasubiri, kisha akaondoka akiamini kwamba Waingereza hawana ukarimu, jambo ambalo mimi sikubaliani nalo.

Nianze na pabu, kwa sababu ndiko wageni wengi hukwama. Pabu ni baa, lakini ni baa ambayo watu huendea pia chakula cha mchana, hukutana na majirani, huleta wajukuu, na si ajabu kukuta mbwa amelala chini ya meza ya bwana wake bila mtu yeyote kumjali. Shemeji yangu alipokuja kututembelea Birmingham, tuliahidiana kukutana katika pabu moja ya jirani, nami nikazuiwa kidogo kazini. Nilimkuta ameketi kwenye meza nzuri ya dirishani, hana hata glasi ya maji mbele yake, uso umemkunjamana. “Shemeji, hawa watu wananiona na hawaji,” aliniambia. Alikuwa sahihi kwa yote mawili, kwamba wanamwona na kwamba hawaji, kwa sababu katika pabu nyingi hakuna anayekuja. Mteja huchagua meza, husoma namba iliyobandikwa pembeni yake, huenda kaunta, huagiza, huitaja namba ile, hulipa papo hapo, kisha hubeba vinywaji vyake mwenyewe na kurudi kuketi. Chakula pekee ndicho kinacholetwa baadaye na mhudumu. Visu, uma, chupa ya siki na haradali huwa vimepangwa kwenye meza ndogo ya kando, na mteja hujichukulia. Tangu wakati wa korona pabu nyingi zimeruhusu pia kuagiza kwa simu, kwa kupiga picha msimbo uliobandikwa mezani, na wapo wageni wanaoona hiyo ndiyo nafuu, ingawa mimi bado napenda kwenda kaunta kwa sababu huko ndiko unakoambiwa supu ya leo ni ya nini.

Kaunta yenyewe ina adabu zake. Hakuna foleni inayoonekana kwa macho, na hilo humshangaza mgeni aliyekwisha kuambiwa kwamba Mwingereza huheshimu foleni kuliko kitu chochote. Watu husimama wametandazika kando ya kaunta, kila mmoja akitazama mbele, lakini kila mmoja anajua nani alifika kabla yake, na mhudumu mzuri naye anajua. Akikugeukia wewe wakati jirani yako alitangulia, unatakiwa useme mara moja kwamba ni zamu ya jirani. Kugonga kaunta kwa sarafu, kupiga mluzi, au kumwita mhudumu kwa ule mlio wa “psss” ambao kwetu haumchukizi kila mtu, humfanya mtu ahudumiwe wa mwisho. Inatosha kusimama wima, kadi mkononi, na kumtazama mhudumu machoni.

Wafanyakazi wenzangu wana desturi ya kununua kwa zamu. Mmoja huuliza kundi zima wanakunywa nini na kulipia wote, na glasi zikikaribia kwisha mwingine husimama bila kuambiwa. Mimi ni Mwislamu, sinywi pombe, na sipendi kumnunulia mtu mwingine pia. Kwa hiyo mapema kabisa, kabla mtu hajasimama, husema waziwazi kwamba mimi sitaingia katika zamu hizo, kisha naagiza bakuli kubwa la chipsi na karanga kwa ajili ya meza nzima. Hakuna aliyewahi kuninunia. Ninaowaona wakinuniwa ni wale wanaopokea glasi tatu za wenzao, halafu zamu yao inapofika wanakumbuka kwamba wana basi la kuwahi. Sina ugomvi na ndugu zangu ambao hawataki hata kukanyaga kizingiti cha pabu, na ninaielewa sababu yao. Nasema tu kwamba anayeingia anaweza kukaa jioni nzima na soda ya tangawizi au maji ya gesi yaliyotiwa ndimu bila kuulizwa kwa nini. Hata maji ya kawaida ni haki yake. Masharti ya leseni ya England na Wales, tangu 2010, yanawataka wanaouza pombe ya kunywewa papo hapo wampe mteja maji ya bomba bure akiyaomba. Lakini ayaombe hivyo hivyo, maji ya bomba, kwa sababu anayesema “maji” peke yake huletewa chupa, na chupa hiyo ataikuta kwenye bili.

Kuhusu bia niseme machache, maana ninachojua nimekipata kwa kusikiliza walalamikaji. Bia ya asili inayovutwa kwa mkono kutoka kwenye pipa lililoko chini ya sakafu hutolewa kwenye nyuzi joto 11 hadi 13 hivi, na kipimo kamili ni painti moja, yaani mililita 568. Wageni kutoka nyumbani huiita ya moto na kununa, jambo linalonichekesha, kwa kuwa sisi ndio tunaoulizwa katika kila baa na kila duka la soda kama tunataka ya baridi au ya moto.

Saa ni jambo jingine. Pabu inaweza kuwa wazi tangu asubuhi hadi usiku, huku jiko lake likifungwa saa tisa alasiri na kufunguliwa tena saa kumi na mbili jioni, halafu likafungwa kabisa saa tatu usiku. Sisi tuliozoea kwamba penye moto pana chakula huingia saa kumi na njaa yetu, tukaambiwa kilichobaki ni pakiti za viazi vikavu. Siku hizi sitoki nyumbani bila kupiga simu kuuliza jiko linafungwa saa ngapi, na swali hilo moja limeniokolea safari nyingi za bure.

Mlo ambao ningemsihi mgeni asiukose ni ule wa Jumapili mchana. Pabu za vijijini siku hiyo hujaa familia za vizazi vitatu, na asiyeweka nafasi mapema hurudishwa mlangoni kwa upole. Sahani huja na vipande vya nyama iliyookwa, ya ng’ombe, kondoo, nguruwe au kuku, pamoja na viazi vilivyookwa mpaka vikafanya ganda, karoti, kabichi, njegere, na juu yake ule mkate mwepesi uliovimba kingo na kubonyea katikati unaoitwa Yorkshire pudding, ambao hauna sukari hata chembe. Kisha mchuzi mzito wa kahawia hutolewa kwenye kijagi, kila mtu ajimiminie. Nyama ya ng’ombe huambatana na horseradish, mzizi uliokunwa ambao ukali wake hauchomi ulimi kama pilipili yetu, unapanda moja kwa moja puani na kumtoa mtu machozi. Ya kondoo hupewa sosi ya mnanaa, na ya nguruwe sosi ya tufaha.

Mama yangu alipokuja kututembelea, tulimpeleka katika kijiji kimoja cha Derbyshire, ndani ya hifadhi ya Peak District, kwenye pabu yenye moto wa kuni na dari ya chini yenye maboriti meusi. Kwa kuwa nyumbani kwetu hatuli nyama isiyochinjwa kwa utaratibu wetu, tuliagiza mlo wa Jumapili wa wasiokula nyama, ambapo mahali pa nyama huwekwa mkate uliookwa kwa korosho, lozi na mboga. Mke wangu alimwuliza mhudumu, msichana mdogo tu, viazi vimeokwa kwa mafuta gani na mchuzi umetengenezwa na nini. Msichana hakujua, na hakujidai kujua. Alikwenda jikoni akarudi na jalada nene lenye kurasa zilizofunikwa kwa plastiki, akaliweka katikati ya meza, akainama na kupitisha kidole mstari baada ya mstari: viazi, mafuta ya bata bukini, mchuzi wa kawaida, mabaki ya nyama na mvinyo mwekundu, mchuzi wa wasiokula nyama, mboga tupu. Tukabadilishiwa viazi, tukaletewa vya kuponda. Mama alikuwa akilitazama lile jalada muda wote huo. “Mwanangu,” alisema, “chakula hiki kina hati kama kiwanja.”

Hati zenyewe zina historia. Tangu Desemba 2014 wauzaji wa chakula wanatakiwa kisheria wawe tayari kumweleza mteja iwapo chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio, vikiwemo karanga, maziwa, mayai, samaki, ufuta, soya na nafaka zenye gluteni. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki dunia baada ya kula mkate uliokandwa na ufuta ambao lebo haikuutaja, na sheria inayoitwa kwa jina lake, iliyoanza kutumika Oktoba 2021, inataka chakula kinachofungashwa pale pale kinapouzwa kiwe na orodha kamili ya viambato. Kwenye mgahawa, hata hivyo, habari hizo zinaweza kutolewa kwa mdomo, yaani asiyeuliza anaweza asiambiwe. Kuna jambo moja ambalo Waislamu wengi hawalitambui: mafuta ya nguruwe na pombe iliyopikiwa havimo katika ile orodha ya 14. Mhudumu anayekuhakikishia kwamba chakula hakina kizio chochote anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado soseji iliyokaangwa kwenye karai hilo hilo ikawa ya nguruwe. Kwa hiyo usimwulize kwa jumla kama chakula “kinafaa”. Mtajie vitu vyenyewe kimoja kimoja, nguruwe, mvinyo, mafuta ya mnyama, karai la pamoja, na umpe nafasi ya kwenda jikoni kuuliza. Katika uzoefu wangu, wengi huenda bila kunung’unika.

Hata samaki na chipsi, chakula ambacho Mwislamu hukikimbilia akidhani amepata usalama, kinahitaji swali. Maduka mengi ya Yorkshire, kaskazini mwa England, hukaangia mafuta ya ng’ombe kwa jadi, na wenyeji wanaapa kwamba bila hayo ganda la unga la samaki halilii mdomoni inavyotakiwa. Niliuliza katika duka moja la Scarborough, mji wa huko huko, nikajibiwa na mama mmoja aliyekuwa akipepeta chipsi, “Ya ng’ombe, mpenzi.” Mgeni asishtuke: kaskazini wauzaji humwita kila mteja mpenzi, awe kijana au kikongwe. Akanielekeza yeye mwenyewe kwenye duka la mtaa wa pili linalokaangia mafuta ya mimea, na huo kwangu ni ukarimu ambao sijaukuta mahali pengi.

Kuna na kibandiko cha mlangoni, cha kijani na cheusi, chenye namba kuanzia 0 hadi 5, kinachoonyesha wakaguzi wa halmashauri waliukuta mgahawa katika hali gani ya usafi. Wales tangu 2013, na Ireland ya Kaskazini tangu 2016, mwenye mgahawa analazimika kukibandika. England hakuna lazima hiyo, na ndiyo maana ukikosa kukiona mlangoni inafaa uitafute namba hiyo kwenye tovuti ya Food Standards Agency, wakala wa serikali wa usalama wa chakula, ambako imewekwa hadharani. Namba haihusu ladha. Inahusu jinsi chakula kinavyoshikwa, hali ya jengo, na jinsi mwenye mgahawa anavyosimamia usalama wa chakula, kumbukumbu za maandishi zikiwemo. Nimekula vitamu sana penye 3, lakini penye 1 sijaingia na sina haraka ya kuingia.

Sasa nije kwenye malalamiko, mahali ambapo nadhani Waingereza wenyewe hujidhulumu. Dakika chache baada ya chakula kuletwa, mhudumu hurudi, mara nyingi wakati mdomo umejaa, na kuuliza kama kila kitu ni sawa. Jibu linalotarajiwa ni kwamba kila kitu ni kizuri sana, asante. Niliwahi kuketi karibu na wazee wawili, mume na mke, ambao kwa muda mrefu walikuwa wakinong’onezana kwamba samaki wao amepoa na njegere ni ngumu. Mhudumu alipofika, wote wawili waliinua nyuso zenye tabasamu na kusema kila kitu ni kizuri mno. Alipogeuka, yule bibi aliendelea na samaki wake kwa sura ya mtu anayemeza dawa. Walilipa, wakashukuru mara tatu, na nina hakika hawakurudi tena. Mwenye mgahawa hakujua alichokosea, wapishi hawakujua, na wateja waliofuata wakala samaki yule yule.

Kwetu tunakosea upande wa pili: mtu hupaza sauti, humwita meneja, huita mashahidi wa meza za jirani. Uingereza, sauti ikishapanda, haki ya mteja hupungua machoni mwa waliopo hata kama chakula ni kibichi. Njia niliyoona inafaa iko katikati. Nililetewa pai katika mgahawa mmoja wa mjini, nje imeiva vizuri, katikati ni ya baridi. Nilikula vijiko viwili tu, nikaweka uma chini, nikangoja macho yangu yakutane na ya mhudumu, nikamwambia kwa sauti ya kawaida, “Samahani, sidhani kama pai hii imepata moto mpaka ndani, naomba mnibadilishie, kama inawezekana.” Alitia ncha ya kisu katikati, akaigusa, akaomba radhi na kuondoka nayo. Meneja alileta nyingine mwenyewe, na bili ilipokuja pai haikuwemo. Sikuomba hilo la mwisho. Nilichozingatia ni kusema mapema, maana anayelalamika sahani ikiwa tupu hasikilizwi popote. Kutaja kasoro moja inayoonekana. Na kusema ninachotaka kifanyike. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inasimama upande wa mteja, inataka chakula kiwe cha ubora unaoridhisha na kilingane na maelezo ya menyu, na huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, lakini sijawahi kulazimika kuitaja mezani, na namshauri mtu aiweke akiba.

Kuna lalamiko lingine lisilo na kisu cha kupimia. Yapo maeneo ambapo familia yetu imeongozwa kwenye meza ya mlangoni mwa choo ilhali meza za dirishani zikiwa tupu, na mtu mweusi yeyote anayeishi huku anajua swali linalompita kichwani wakati huo. Pengine zile meza zimewekewa nafasi, na pengine sivyo. Mimi huuliza tu, nikiwa bado nimesimama na koti langu mwilini: “Tunaweza kukaa pale?” Mara nyingi jibu huwa ndiyo, na tunahamia. Pale tulipojibiwa kwamba zote zimewekewa nafasi, kisha zikabaki tupu mpaka tunamaliza kula, sikuhitaji mtu wa kunifafanulia, na hatukurudi.

Baada ya yote hayo, kafe ndogo za mitaani ni mapumziko. Ni nyumba za vioo vilivyoingia ukungu wa mvuke, zenye meza zilizofungwa sakafuni kwa skrubu, ambako mafundi ujenzi huingia alfajiri na buti zao na hakuna anayewauliza habari za vumbi. Kifungua kinywa kamili huja kwenye sahani moja kubwa: mayai, soseji, bekoni, maharage ya kopo yenye sosi ya nyanya, uyoga, nyanya ya kukaangwa na mkate wa kuchoma, na baadhi huongeza soseji ya damu. Birmingham zipo kafe za Waislamu zinazoandaa sahani hiyo hiyo kwa soseji za ng’ombe na bekoni ya bata mzinga, na sioni tofauti kubwa isipokuwa kwamba huwa na chumvi zaidi. Chai hutolewa kwenye kikombe kikubwa, nyeusi mpaka inakaribia rangi ya kahawa, na maziwa hutiwa juu. Anayetaka chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na tangawizi atafute kwingine. Kwenye kaunta utaulizwa kama unakula ndani au unabeba, na jibu lako linaweza kubadilisha bei, kwa kuwa chakula baridi kama sandwichi kikibebwa hakitozwi kodi ya ongezeko la thamani, na kikiliwa ndani hutozwa asilimia 20.

Sipaswi kuwaacha nje wapishi waliotoka mbali, kwa maana bila wao nchi hii ingekuwa na njaa ya ladha. Mgahawa wa kwanza wa vyakula vya Kihindi London ulifunguliwa mwaka 1810 na Sake Dean Mahomed, na mwaka 2001 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Robin Cook, alikiita kuku wa tikka masala chakula cha taifa la Uingereza. Wengi wa wenye migahawa hiyo inayoitwa ya Kihindi asili yao ni Sylhet, Bangladesh. Lakini kwa Mswahili, mahali pa kwenda ni Leicester, barabara ya Belgrave. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, halmashauri ya mji huo ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko. Wakaenda hata hivyo, wakakutana na wenzao waliotoka Kenya na Tanzania, na leo menyu zao zina muhogo wa kukaanga wenye pilipili, mishkaki na kuku wa kupaka wa nazi. Tuliingia katika mgahawa mmoja tukizungumza Kiswahili, na kabla hatujakaa akatokea mzee mwenye ndevu nyeupe kutoka nyuma ya kaunta. “Karibuni, karibuni. Watu wa wapi?” Tulimwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaitikia marahaba kwa furaha ya mtu ambaye hajaamkiwa hivyo kwa muda mrefu. Alikuwa wa Jinja. Menyu hatukupewa. Alisema tutakula muhogo kwanza, kisha kuku, na mama apewe kiti kisicho karibu na mlango kwa sababu ya upepo. Kwa mara moja hatukuwa na lolote la kuuliza.

Inabaki bili. Kwenye mgahawa wenye wahudumu wa mezani haitaletwa mpaka uiite, kwa sababu kumletea mteja bili hajaiomba huchukuliwa kama kumfukuza. Inatosha kuandika hewani kwa kidole mhudumu akikutazama. Isome kabla ya kutoa kadi. London na miji mingine mikubwa mara nyingi utakuta ada ya huduma, kwa kawaida asilimia 12.5, imekwisha kujumlishwa, kwa hiyo chakula cha pauni 60 kinakuwa pauni 67.50, na kwa herufi ndogo chini pameandikwa kwamba ni hiari. Hiari hiyo ni ya kweli: unaweza kuomba iondolewe bila kutoa sababu, na huduma ikiwa mbaya nimefanya hivyo. Ikishakuwamo, huna deni la bakshishi nyingine, ingawa mashine ya kadi inaweza kukuuliza tena kana kwamba hujalipa kitu. Kwenye kaunta ya pabu na kwenye kafe, bakshishi haitarajiwi.

Swali langu la mwisho mezani huwa ni nani anayeipata fedha ile. Kwa miaka mingi wahudumu waliniambia kwa sauti ya chini kwamba hawajui, au kwamba sehemu yake inabaki kwa mwenye mgahawa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awagawie wafanyakazi bakshishi na ada ya huduma yote, bila kukata chochote isipokuwa kodi na makato ya kawaida ya kisheria. Naendelea kuuliza. Wengi sasa hujibu mara moja kwamba inagawiwa wote, jikoni na nje, na hapo nalipa bili kama ilivyo. Mhudumu akisita na kutazama upande wa ofisi, naomba ada iondolewe, kisha namwachia yeye fedha taslimu mkononi.